Kutoka katika mapenzi ya mateso na kuwasindikiza wengine: mwongozo kwa vijana wa Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa msichana wa miaka 14 hadi 19 anayeishi Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba au mtaa mwingine wowote wa Lubumbashi, ambaye mpenzi wake anampiga, anamtisha, anamlazimisha kulala naye au anamtawala kiasi kwamba hawezi kuamua hata nguo atakayovaa. Ni wa yule pia aliyekwisha kutoka katika mateso hayo na sasa anataka kumsaidia mwenzake. Mvulana anayeteswa na mpenzi wake anaweza kuufuata vilevile, kwa kuwa hatua karibu zote ni zilezile. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 24 ya wasichana waliowahi kuwa na mwenzi, karibu mmoja katika kila wanne, huwa wamekwisha kupigwa au kufanyiwa jeuri ya kingono na mwenzi kabla ya kutimiza miaka 20. Anayesoma haya akiwa na maumivu asidhani kwamba ni yeye pekee katika darasa lake.

Kanuni moja inaongoza yote yanayofuata. Mpenzi mwenye jeuri humnyang'anya msichana uamuzi: wa kutoka, wa kuongea na watu, wa kukataa. Msaada unaofaa ni ule unaomrudishia uamuzi huo kidogo kidogo. Mzazi anayemfungia ndani, mchungaji anayemwamuru asamehe na rafiki anayekwenda kumshtaki mvulana bila kumwuliza msichana wanaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini wote watatu wanaamua badala yake, na msichana aliyezoea kuamuliwa mambo hurudi upesi kwa yule anayeamua kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hatua ya 1: Litambue jambo lenyewe

Wengi husubiri ngumi ndipo waseme kuna jeuri, ilhali mara nyingi ngumi huja mwishoni na simu ndiyo hutangulia. Anaomba neno lako la siri kwa kisingizio cha uaminifu. Kisha anataka upige picha ya mahali ulipo na kumtumia papo hapo. Kisha anapiga simu ya video usiku na kukuamuru uzungushe kamera chumba kizima ili aone nani amelala pale. Asubuhi anakuuliza kwa nini WhatsApp inaonyesha kwamba ulikuwa macho saa sita, na ulikuwa ukiongea na nani. Mwanzoni unauita huo wivu, na katika mji wetu wivu husifiwa kuwa alama ya mapenzi. Baada ya miezi michache unagundua kwamba umeacha kwaya, umeacha kutembelea binamu zako, na marafiki wote uliobaki nao ni marafiki zake.

Jipime kwa swali hili: nikimkatalia leo, nini kitatokea? Kama jibu ni kwamba atanuna, kisha mtazungumza, huo ni ugomvi wa kawaida wa wapendanao. Kama jibu ni kwamba atakupiga, atasambaza picha zako, atakuja kufanya fujo mlangoni pa shule au atatishia kujiua, basi unaishi kwa hofu, na mtu anayekuweka katika hofu ya namna hiyo anakutesa hata kama hajakugusa.

Mambo mawili yapewe uzito wa pekee. La kwanza ni kukabwa shingo. Mwanaume aliyewahi kumkaba mwanamke shingo, hata mara moja, hata kwa "mchezo", ana hatari kubwa kuliko wengine ya kumuua baadaye; ikiwa hilo limekutokea, usingoje lirudiwe, anza leo hatua zifuatazo. La pili ni umri. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu jeuri ya kingono inahesabu kuwa ubakaji tendo la ndoa analofanyiwa mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama hakukuwa na nguvu wala kelele. Mtu mzima anayekulipia karo, anayekununulia simu na kukupa pesa za usafiri si "mchumba" kwa macho ya sheria hiyo, na mwalimu anayedai mapenzi ili akupe pointi si mchumba kwa macho ya mtu yeyote.

Hatua ya 2: Tafuta mtu mzima mmoja

Si lazima uanze na mama au baba. Anza na mtu ambaye, ukimpima kwa yale uliyomwona akifanya zamani, hutunza siri, hamwogopi mpenzi wako wala hamtegemei kwa chochote, na ana mahali ambapo unaweza kulala usiku mmoja ikibidi. Kwa mmoja atakuwa shangazi, kwa mwingine marene (mama yake wa ubatizo), mwalimu wa kike, jirani muuguzi au kiongozi wa kikundi cha vijana parokiani. Msikilize kwanza anavyozungumzia wasichana wengine waliopatwa na mambo kama haya: anayesema "alijitakia" atasema hivyohivyo juu yako.

Unapomwendea, usianze na historia nzima, maana aibu itakukata sauti katikati. Sema maneno machache uliyoyaandaa: "Mama mdogo, kuna mtu ananitesa na ninaogopa. Naomba unisikilize kwanza, usimwambie mtu mpaka tukubaliane." Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi kubwa, kwa sababu katika familia zetu habari ya namna hii huweza kuitiwa kikao cha wajomba jioni ileile, na mvulana akaisikia kabla hujapata mahali pa kujificha. Kama mtu wa kwanza hakukuamini, mwendee wa pili. Kukataa kwake kunaonyesha uwezo wake ulipoishia. Ukweli wako unabaki ukweli.

Hatua ya 3: Panga usalama kabla ya kuachana

Wakati wa hatari kubwa zaidi ni pale msichana anapotangaza kwamba anaondoka, na majuma yanayofuata. Ndiyo maana maandalizi hutangulia, tena kimya kimya.

Anza na karatasi zako: karte ya mwanafunzi, bileti za shule (ripoti za alama zako), cheti cha kuzaliwa kama unacho, hasa ikiwa uko mwaka wa mwisho na jina lako limeandikishwa kwa Egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Zihifadhi kwa yule mtu mzima pamoja na nguo chache na pesa za teksi. Kubalianeni neno la siri: ukimwandikia, kwa mfano, kuuliza kama daftari la jiografia limeonekana, ajue kwamba unahitaji kuchukuliwa sasa hivi.

Halafu simu. Kama laini iliandikishwa kwa jina lake, anaweza kwenda kwa kampuni, kuirudisha mikononi mwake na kuingia katika akaunti zako zote. Tafuta laini mpya kwa jina la mtu unayemwamini. Fungua mipangilio ya WhatsApp, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako, na uone kama kuna kompyuta au simu usiyoijua. Lakini usivifute wala usibadilishe maneno ya siri wiki nzima kabla ya siku yenyewe, kwa sababu atashtuka na kuja kukuuliza. Vitisho alivyokuandikia vipigie picha, zitume kwa yule mtu mzima, kisha uzifute kwako. Jumbe hizo ni ushahidi: Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kumsumbua na kumtisha mtu kwa njia ya mawasiliano ya elektroniki.

Siku ya kuachana, usiende kwake na usikubali "kuonana mara ya mwisho". Ujumbe mfupi unatosha: "Uhusiano wetu umekwisha. Usinipigie na usinitafute." Usieleze sababu, kwa kuwa kila sababu utakayoitoa ataigeuza kuwa mada ya kujadili. Atalia, atamtuma dada yake, atamtuma rafiki wa kanisani, pengine atasema atajiua. Hilo la mwisho lisidharauliwe, ila si wewe wa kumkimbilia: mwarifu mzazi wake au ndugu yake mkubwa, kisha ubaki ulipo. Kwa majuma machache badilisha njia ya kwenda shuleni, usitembee peke yako jioni, na mtu mzima wako amwone prefe (mkuu wa shule) au mkuu wa nidhamu ili mlinzi wa lango ajue nani asiruhusiwe kukusubiri pale.

Hatua ya 4: Ukiwa umebakwa au umeumizwa, hospitali itangulie kikao cha familia

Saa zina maana hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na huendelea kwa siku 28. Ukianza mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, nayo pia hupungua nguvu kadiri unavyokawia. Kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na kinga ya pepopunda. Nenda hospitali kubwa, kama vile Jason Sendwe, na ukifika mapokezini sema kwamba unahitaji "kit PEP", yaani kifurushi cha dawa hizo. Huna wajibu wa kusimulia yaliyokupata mbele ya foleni nzima. Usingoje karatasi ya polisi ndipo utibiwe.

Ukiweza, usioge wala usifue nguo ulizokuwa nazo. Ziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu alama. Kama umekwisha kuoga, nenda vilevile, kwa kuwa dawa bado zinakuhitaji na daktari bado anaweza kuandika majeraha anayoyaona. Omba cheti cha daktari na umkabidhi mtu wako mzima akutunzie. Kama ulikabwa shingo, nenda hata kama hakuna alama yoyote nje: uvimbe ndani ya koo unaweza kuja saa nyingi baadaye.

Ukipata nafasi ya kuonana na mwanasaikolojia, ipokee kuwa sehemu ya tiba. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imeonyesha nchi yetu kwamba mwili, moyo, sheria na riziki ya aliyebakwa hushughulikiwa kwa pamoja, na kwamba kushona jeraha bila kumsikiliza mtu ni kuacha nusu ya kazi.

Hatua ya 5: Sheria, na shinikizo la kumaliza mambo "kwa amiable" (kwa maelewano, nje ya mahakama)

Hapa ndipo wasichana wengi huangushwa, tena na watu wao wenyewe. Familia ya mvulana inakuja na mbuzi, na bahasha ya dola, au na pendekezo la ndoa. Familia ya msichana, ikiogopa aibu na mara nyingine ikiwa na njaa, inapokea. Na msichana anapelekwa kuishi katika nyumba ya mtu aliyemharibu. Basi wewe na mtu mzima wako yajueni yafuatayo, na yasemeni kwa adabu lakini bila kuyumba.

Malipo hayaifuti kesi ya jeuri ya kingono. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni mbili, moja ya makosa na nyingine ya utaratibu wa mashtaka, na hii ya pili imeandika wazi kwamba kulipa faini ya maelewano hakusimamishi mashtaka ya serikali. OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) aliyepokea habari anapaswa kumwarifu mwendesha mashtaka wa parke (ofisi ya mashtaka ya serikali) ndani ya saa 24, na hukumu inapaswa kutolewa ndani ya miezi mitatu tangu mamlaka ya sheria ilipopokea kesi. Anayebaka anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 20; aliyebaka mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, miaka 7 hadi 20. Una haki ya kusindikizwa na avokato (wakili), na unaweza kuomba kesi isikilizwe faraghani. Siyo kila ofisi hufuata muda huo, na ni heri ulijue hilo mapema ili kuchelewa kusikuvunje moyo. Lakini mtu anayeweza kutaja tarehe ya sheria husikilizwa tofauti na mtu anayelalamika tu.

Ndoa haimwokoi mvulana wala heshima ya ukoo. Kanuni ya Familia, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, na inadai ridhaa ya wote wawili. Mzazi au mlezi anayemwoza mtu kwa lazima anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Mwambie baba hilo kupitia mtu anayemheshimu, kwa mfano kaka yake mkubwa au padri, kwa sababu baba akiambiwa sheria na binti yake mbele ya wageni atatetea kwanza kiti chake, na binti atasahauliwa.

Kama hakukuwa na ubakaji bali kipigo, hicho pia ni kosa la jinai, na sheria haina kifungu kinachomsamehe mpigaji kwa kuwa alikuwa mpenzi. Kama mtesaji mwenyewe ana miaka 14 hadi 17, kesi yake huenda Mahakama ya watoto, ambayo hutoa hatua za malezi na uangalizi badala ya kifungo cha kawaida; ni vyema kulijua, kwa kuwa wasichana wengine hunyamaza wakihofia kwamba kijana wa rika lao ataozea katika gereza la Kasapa. Msaada wa avokato bila malipo huombwa katika ofisi ya mashauri ya bure ya Baro (chama cha maavokato), na mtu mzima wako anaweza kupitia Divisheni ya Jinsia, Familia na Mtoto ya Haut-Katanga ili aelekezwe.

Kushtaki au kutoshtaki, uamuzi ubaki kwako kadiri usalama unavyoruhusu. Cheti cha daktari na picha za jumbe vitunzwe hata kama leo hutaki kwenda parke, ili kesho ukitaka uwe navyo.

Hatua ya 6: Kupona

Utamkumbuka. Hakuna anayewaambia wasichana jambo hili, na kwa hiyo siku wanapojikuta wakilia kwa kumtamani yule aliyewapiga, huamua kwamba labda walikosea kumwacha. Unakumbuka siku nzuri, kwa kuwa zilikuwepo. Hilo halizifuti mbaya. Andika siku mbaya tatu katika karatasi, kwa maelezo kamili, uziache kwa mtu wako mzima, na uombe kuzisoma kila unapotaka kumpigia simu. Rudi katika kwaya au mpira, rudi kwa binamu zako, na usiharakishe mpenzi mwingine. Mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu wako siku hiyohiyo, si kesho yake.

Hatua ya 7: Jipime kabla ya kuwa mtetezi

Kutamani kuwasaidia wengine huja mapema, pengine kabla kidonda hakijafunga. Uko tayari ikiwa unaweza kumsikiliza mwenzako akisimulia kipigo chake bila kuingiza chako katikati, ukalala usiku huo, na ukakubali achague njia usiyoichagua wewe. Kama bado, kuna kazi nyingine za maana: kutunza daftari la notisi kwa aliyekosa masomo, kumsindikiza njiani, kukaa naye wakati wa mapumziko.

Usisimulie hadithi yako hadharani kwa sababu tu umeombwa. Uliza nani atakuwepo, kama watarekodi, na kama picha yako itawekwa kwenye Facebook. Unaweza kueleza jinsi ulivyotoka bila kutaja jina lake, mtaa wake wala kilichotendeka kitandani, na wanaokusikiliza wakapata yote wanayoyahitaji.

Hatua ya 8: Namna ya kumsindikiza mwenzako

Maneno ya kwanza ni mawili: "Nakuamini" na "Si kosa lako." Kisha uliza: "Unataka nifanye nini?" Usiulize kwa nini alikwenda kwake, alivaa nini, wala kwa nini hajamwacha mpaka leo. Usimtukane mpenzi wake, maana akirudiana naye ataona haya kukurudia wewe.

Siri yake ni siri, ila kwa mambo matatu: akitaka kujiua, akiwa katika hatari ya kuuawa, au ikiwa anayemtesa ni mtu mzima wa nyumbani kwao. Hapo unamwambia yeye kwanza kwamba utamjulisha mtu mzima, unamwachia achague nani, na mnakwenda pamoja. Kamwe usiende kumkabili mvulana, usimfiche msichana kwenu bila wazazi wako kujua, na usishike wewe pesa au simu ya mtu. Kijana wa miaka 17 ni daraja la kumfikisha rafiki kwa muuguzi, avokato au mwalimu. Kazi zao zibaki mikononi mwao.

Hatua ya 9: Shuleni na parokiani

Prefe akiombwa "afanye kitu kuhusu jeuri" atakubali na kusahau. Mwombeni kitu kinachopimika: mwalimu mmoja wa kike atajwe mbele ya madarasa yote kuwa wa kupokea habari hizi, awe na chumba chenye mlango unaofungwa, na mwanafunzi anayekwenda kwake asiandikwe mtoro. Ombeni pia saa moja ya mazungumzo katika zile siku 16 za kupinga jeuri dhidi ya wanawake, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, kwa kuwa wakati huo shule na parokia huwa tayari kusikia. Wavulana wawepo, na wapewe kazi halisi: kutocheka picha ya msichana inapozungushwa, kutoipeleka mbele, na kumwambia rafiki yao ana kwa ana kwamba anachofanya ni jeuri. Mvulana mtesaji humsikia rafiki yake wa mpira kabla ya kumsikia mhubiri.

Hatua ya 10: Akirudi kwa mtesaji

Wengi hurudi, mara nyingine zaidi ya mara moja, na mtetezi mchanga huchukulia jambo hilo kama usaliti. Usimkemee, usimpe masharti, usihesabu muda uliompa. Hakikisha tu kwamba lile neno la siri bado linafanya kazi, kwamba karatasi zake bado ziko mahali salama, na kwamba amekariri namba ya yule mtu mzima kichwani, kwa sababu simu inaweza kunyang'anywa. Kisha mpangie siku ya kuonana tena kwa jambo lisilohusu mvulana kabisa, zoezi la hesabu au mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi, na siku hiyo ufike kabla yake.